Mwaka wa Taiti

Nchi ninayotaka kuwasimulia msiitafute kwenye ramani. Mimi niliitafuta, nikakuta mahali pake pamebandikwa tangazo la simenti. Lakini ipo, na watu wake wapo, na wanawasalimu sana. Ni watu wapole, wanaopanga foleni hata pale ambapo mbele hakuna kitu.

Msije mkadhani ni nchi ya mabavu, hasha. Huko raia ana uhuru kamili wa kutoa maoni, na uhuru huo umeandikwa ukurasa wa kwanza wa katiba. Ukurasa wa pili unafafanua kwamba maoni yatatolewa juu ya jambo moja kwa mwaka, na jambo hilo litachaguliwa na Wizara ya Maoni. Ukifikiri vizuri utaona ni busara, maana watu milioni ishirini wakisema kila mmoja lake, nani atabaki wa kusikiliza? Mwaka juzi jambo lilikuwa kama paka ana haki ya kulala mchana. Mwaka jana likawa chapati, ikunjwe au ichanwe, na hadi leo kuna koo mbili kule kaskazini hazizikani kwa ajili ya chapati. Mambo mengine, kama maji, dawa na barabara, hayajakatazwa hata kidogo. Yamewekwa tu pembeni yasubiri mwaka wake.

Sasa, mwaka ninaousimulia, Waziri wa Maoni, Mheshimiwa Pangalashaba, aliambiwa na daktari wake apunguze tumbo. Akaenda jimu. Pale mlangoni akawakuta wanaume wanafanya mazoezi wamevaa taiti, zile suruali za kuvutika zinazoushika mwili mpaka kila msuli unahesabika. Mheshimiwa alisimama akawatazama kwa dakika kumi na moja, kama alivyokiri mwenyewe bungeni, kwa uchungu wa kizalendo. Kesho yake redio ikatangaza swali la mwaka: je, ni sawa mwanamume kuvaa nguo za kubana jimu?

Weee! Nchi nzima ikasimama. Watu walikuwa na hasira za miaka mingi, na sasa wamepewa mahali pa kuzimwaga. Wakagawanyika makundi mawili, Wabanaji na Walegezaji. Walegezaji walisema paja la mwanamume ni siri ya nyumba yake. Wabanaji walisema paja ni la mwenyewe na siri haijengi taifa. Msikiti na kanisa wakakubaliana, jambo lisilowahi kutokea, kisha wakagundua wamekubaliana kwa sababu tofauti, wakatofautiana upya. Profesa mmoja alitoa kitabu cha kurasa mia sita kuhusu paja na maendeleo, na wanawake waliokuwa wanaokota kuni kilomita kumi kutoka kwenye jimu ya karibu wakakisubiri kwa hamu, kwa mujibu wa redio.

Katika joto lote hilo alikuwepo mtu mmoja asiye na joto wala baridi. Jina lake Ladislaus Mbonde, karani wa maoni daraja la tatu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na vifaa vitatu vya serikali, yaani bunda la fomu, rula ya mbao na kalamu nyekundu. Fomu ilikuwa na mahali pa kuweka alama, ndiyo au hapana, na chini yake kisanduku cha sababu. Juu ya kisanduku, mwaka ule, palichapwa kwa herufi kubwa: SABABU IHUSU NGUO TU.

Kuandika ni kazi ya mtu yeyote aliyepita shule. Kazi hasa ya karani wa maoni ilikuwa kukata. Mama mmoja muuza vitumbua alimwambia kwamba hazitaki taiti, maana huu ni mwaka wa pili bomba la mtaa wao halijatoa hata tone. Ladislaus akaandika yote, kwa kuwa sheria inataka yote yaandikwe, kisha akaweka rula baada ya neno taiti, akayakata yaliyofuata kwa mstari mwekundu. Mlinzi wa ghala alisema anaziunga mkono kwa moyo mmoja, kwani mjukuu wake alifia zahanati kwa kukosa drip na yeye sasa hana tena cha kumwonea mtu aibu. Ikabaki kwamba anaziunga mkono kwa moyo mmoja. Mstari wa kukatia ulitakiwa unyooke, maana mstari uliopinda ni dharau kwa raia, na mistari ya Ladislaus ilinyooka kuliko ya makarani wote wa mkoa. Alipewa cheti kwa hilo.

Miaka ya mwanzo alikuwa akirudi nyumbani hali chakula. Yale aliyoyakata yalimfuata, yakalala naye. Baadaye yakaacha. Ukikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi, unabaki upo lakini ukiubonyeza hausemi kitu, na ndivyo ulivyokuwa moyo wake. Hakuwa mkatili, jamani. Alikuwa amechoka tu, mpaka uchovu wenyewe ukamzoea.

Mkewe, Skolastika, alikuwa kinyume chake. Yule mama alikuwa na maneno, na maneno yake yalikuwa na chumvi. Alikuwa fundi cherehani pale barazani kwao, na hao wanaume wa jimu waliotikisa nchi walikuwa wateja wake. Yeye ndiye aliyekuwa anawashonea taiti, kwa uzi mara mbili, mishono iliyonyooka kama ya mashine za ng'ambo. Akiwa anakanyaga cherehani alikuwa anamchokoza mumewe kila jioni kwa swali lile lile.

"Baba Generoza, na wewe maoni yako ni nini?"

"Mimi ni karani."

"Sijakuuliza kazi."

Hapo Ladislaus alikuwa akitabasamu kidogo, akaomba chai. Generoza, binti yao wa pekee, alikuwa ameolewa mbali, na kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na sauti moja tu, ya Skolastika, na ilitosha.

Ilipofika zamu ya jimu, Ladislaus alikwenda na fomu zake kama kawaida. Jimu yenyewe ilikuwa ghala la zamani la pamba, na mwalimu wao aliitwa Kocha Masumbuko, mtu mwenye mabega ya kupita mlangoni kwa ubavu. Wanaume walijipanga kwa furaha, maana miezi mitano walikuwa wanasikia taifa zima likizungumzia mapaja yao na wao hawajaulizwa. Ikabidi Ladislaus awaeleze kwa upole kanuni ya nne. Mhusika hatoi maoni juu ya jambo linalomhusu, kwa sababu anaweza kuwa na upendeleo. Ndiyo maana katika mwaka wa paka hakuna paka aliyeulizwa.

Masumbuko hakukasirika. Aliomba tu kusema kwa nini wanavaa vile. Alieleza kwamba kaptula pana hunasa kwenye minyororo ya zile mashine, na kwamba mwaka uliopita fundi bomba mmoja alinyanyuliwa pamoja na vyuma kwa kaptula yake, akaning'inia mpaka wenzake wakaikata kwa mkasi. Ladislaus alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba hayo si maoni, ni maelezo, na maelezo yalikuwa chini ya wizara nyingine, ambayo ilishafungwa.

Zikiwa zimebaki siku kumi kufika kilele cha mwaka, dereva mmoja mwenye miwani myeusi alileta kitambaa kwa Skolastika. Aliacha vipimo bila jina. Kiuno kilikuwa kimemaliza futi ya fundi na kudai nyingine, na Skolastika alicheka siku mbili, akisema kwamba huyu hashonewi taiti, huyu anawekewa turubai. Siku ya tatu asubuhi, akiwa anashona paja la kulia, mkono wake ukakataa. Akauangalia kama mtu anayemshangaa mgeni, akataka kusema neno, na neno nalo likakataa. Akaangukia cherehani.

Ladislaus alipofika mbio kutoka kazini, majirani walikuwa wamemlaza mkekani. Upande wote wa kulia ulikuwa umekufa. Dereva wa miwani naye alikuwa amefika kuchukua mzigo, na alikuwa anauchomoa kwenye sindano, akisema bosi wake ana shughuli ya kitaifa na hawezi kungoja. Jirani mmoja akampigia bandi, ile mishono mirefu ya kushikizia tu, zile sehemu zilizobaki, haraka haraka, ili aondoke. Katika mambo yote ya asubuhi ile, Ladislaus alikumbuka moja. Mshono wa paja la kulia ulikuwa umekuja umenyooka mpaka katikati, kisha ukapinda ukaelekea pembeni, kama mtu aliyeacha njia.

Hospitali ya wilaya, daktari alimwambia ukweli. Hapo walikuwa na kitanda na sala. Kiharusi kile kilitibika Hospitali Kuu, lakini mgonjwa afikishwe ndani ya siku saba, zaidi ya hapo ni kupoteza mafuta ya gari. Barua ya rufaa akaiandika papo hapo. Ilikosa muhuri mmoja tu, ule wa AMETOA MAONI, kwa kuwa huduma ni za raia, na raia ni mtu mwenye maoni. Skolastika hakuwa ameyatoa. Alikuwa anamwambia mumewe kila wiki kwamba atayatoa siku atakayoulizwa kitu cha maana.

Ladislaus akaenda kwa mkuu wake wa kitengo, Bwana Hizza, mtu safi, mwenye meza isiyo na kitu juu yake. Hizza alimkaribisha kiti, akampa pole, akafungua kitabu cha kanuni.

"Mkeo anashona taiti, siyo? Basi ni mhusika."

"Ndiyo, bwana."

"Na mhusika hatoi maoni. Na asiyetoa maoni hapigiwi muhuri."

"Ndiyo, bwana."

"Unaona ilivyokaa vizuri?" alisema Hizza, na alisema kwa kupendezwa kweli, kama mtu anayemwonyesha mgeni bustani.

Lakini alikuwa na utu, Hizza, tusimwonee. Baada ya kufikiri alisema atalifumbia macho suala la cherehani. Mgonjwa aandike maoni yake kwa mkono wake mwenyewe, na sababu ihusu nguo tu, na yeye atagonga muhuri siku hiyo hiyo. Akampa fomu. Kila raia ana fomu moja kwa mwaka. Ikiharibika, nyingine hutoka makao makuu baada ya siku kumi na nne.

Njiani kwenda wodini, Ladislaus alijua kwamba angeweza kusimama chini ya mti wowote, akaijaza fomu ile mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na hakuna binadamu ambaye angegundua. Lilikuwa jambo la dakika moja. Lakini kumsemea raia lilikuwa kosa, na yeye ndiye aliyekuwa anawafundisha makarani wapya kwamba ni kosa. Hakuogopa kufungwa, nawaambieni. Mkono wake haukuwa umezoea, basi. Akapita miti yote.

Skolastika alikuwa amelazwa karibu na dirisha. Siku ya tano hiyo tangu aanguke, maana kumwona mkuu wa kitengo kuna foleni yake. Jicho la kushoto lilimwona, likamfuata mpaka alipokaa. Ladislaus akamwekea fomu juu ya kitabu cha sala, akamshikisha kalamu katika mkono wa kushoto, akamweleza kila kitu polepole, muhuri, gari, Hospitali Kuu. Akamwambia aweke alama popote, ndiyo au hapana, haidhuru, kisha aandike neno lolote kuhusu nguo. Lolote. Hata zinapendeza.

Mkewe alimtazama muda mrefu. Kisha akainamisha kalamu. Alama hakuweka. Kwenye kisanduku cha sababu akaanza kuandika, herufi moja moja, kubwa na za kuyumba, na Ladislaus alikuwa ameushikilia ubao wa kitanda kwa mikono miwili. Alipomaliza, kisanduku kilisomeka: NINA KIU.

Na hapa, ndugu zangu, sitaki mniulize maswali. Ladislaus alichukua rula kutoka mfukoni, akaiweka mahali pake, akatoa kalamu nyekundu, akakata. Mstari ulinyooka. Alipoinua rula ndipo akauona mstari ule, na akaona ni wake.

Aliinuka akachota maji kwenye ndoo ya wodi, akamnywesha kwa kijiko, kimoja baada ya kingine, na mengine yakamwagika shingoni. Skolastika alikunywa akiwa anamwangalia. Akaitazama fomu, akaitazama rula, akamtazama tena mumewe, kisha akacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo uliokuwa bado wa kwake. Hakuwa na hasira. Ndilo lililokuwa baya.

Fomu ilikuwa imeharibika, maana sababu iliyokatwa yote haiandikwi upya. Hizza aliituma makao makuu kuomba nyingine, kwa haraka sana, akaandika HARAKA kwa herufi kubwa. Skolastika alifariki kesho yake saa nne asubuhi.

Mazishi yalikwenda kwa utaratibu. Ofisi ilileta fomu ya rambirambi, yenye sehemu mbili za kuweka alama, nasikitika na nasikitika sana, na wengi waliweka sana. Kocha Masumbuko na vijana wake walibeba jeneza, na kwa heshima ya marehemu walivaa zile alizowashonea, na majirani walinong'ona kidogo, Walegezaji wakanuna, kisha wakaacha. Generoza, aliyefika amechelewa kwa sababu ya barabara, alimuuliza baba yake kwa nini halii. Ladislaus alimjibu kwamba atalia, anasubiri. Alisema kweli. Alikuwa anajibonyeza ndani, hapa na pale, na hapakujibu kitu.

Siku mbili baadaye kikafika kilele. Kilifanyika jimuni, kwenye lile ghala la pamba, lililopambwa kwa vitambaa vya rangi za taifa. Makarani wote walitakiwa kuwapo, wafiwa wakiwemo, maana ruhusa ya msiba ni siku moja. Ladislaus alikaa mstari wa mbele kwa sababu ya kile cheti chake.

Mheshimiwa Pangalashaba akaingia. Bendi ikapiga, kisha ikapoteza mdundo, kisha ikaupata. Mheshimiwa alikuwa amevaa taiti. Nyeusi, mpya, imejaa. Walegezaji, ambao walikuwa wamekuja na mabango ya kumshukuru, waliyageuza nyuma mbele polepole.

Alitangaza matokeo. Raia asilimia tisini na saba walisema taiti hazifai. Serikali imewasikia, alisema, na ndiyo kazi ya serikali, kusikia. Hata hivyo, yeye binafsi alijitoa mhanga kulichunguza suala lenyewe, akabaini kwamba jambo hili ukilitazama ukiwa nje ni tofauti na ukiwa ndani yake. Kwa hiyo taiti sasa ni vazi halali la mwanamume mwenye wadhifa kuanzia mkurugenzi kwenda juu. Wananchi wengine wataendelea kulegea. Makofi yakapigwa na pande zote mbili, kila upande ukiamini umeshinda.

Ladislaus hakupiga makofi. Alikuwa anatazama paja la kulia la Waziri. Mshono ulishuka kutoka kiunoni umenyooka, uzi mara mbili, safi, mpaka katikati ya paja. Hapo ukapinda ukaacha njia, na kuanzia hapo kwenda chini zilikuwa bandi za jirani.

Mnajua mguu uliokufa ganzi unapoamka. Damu ikirudi, unauma kuliko ulivyowahi kuuma ulipokuwa mzima. Ladislaus alishika magoti yake. Pembeni yake karani mwenzake alimuuliza kama anajisikia vibaya, na yeye akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, anajisikia.

Mheshimiwa, ili kuonyesha mfano, akachuchumaa mara moja kama wafanyavyo wanamichezo. Bandi zikaachia, kuanzia pale pale mshono ulipopinda hadi gotini, kwa sauti iliyosikika ghala zima. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeona, kwa kweli, kwa sababu hapakuwa na fomu ya jambo hilo. Mheshimiwa akainuka akaendelea na hotuba kuhusu uimara wa taifa, kwa dakika arobaini, paja likiwa nje.

Mwisho wa shughuli, kama ilivyo desturi, makarani nao hujaza fomu zao, za mwisho za mwaka, na mkuu wa kitengo huzipitia papo hapo mezani. Ladislaus alikuwa hapeleki yake ila na alama moja na kisanduku kitupu, miaka yote kumi na tisa. Siku hiyo aliandika muda mrefu. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walisubiri. Macho yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, na mwandiko haukuyumba.

Hizza alipokea fomu, akavaa miwani, akachukua rula. Ilisomeka hivi: "Hapana. Mshono wa paja la kulia ulinyooka mpaka katikati, ukapinda, na leo umeachia kuanzia hapo kwenda chini. Ulipinda pale mkono wa fundi ulipokufa. Fundi ni Skolastika Mbonde, na taiti hii ilichomolewa kwenye cherehani yeye akiwa chini. Uzi wake haukukatika. Zilizokatika ni bandi za watu waliokuwa na haraka."

Hizza aliweka rula baada ya sentensi ya kwanza, akasoma iliyofuata, akaisogeza. Akaiweka baada ya pili, akaisogeza. Alifika mwisho wa kisanduku, akarudi juu, akaanza upya. Jasho lilimtoka mtu yule safi.

"Mbonde," alisema polepole, "hii ni sababu?"

"Ndiyo, bwana. Inahusu nguo tu."

Waziri, aliyekuwa anaagana na wageni, aligeuka. Hizza aliishikilia kalamu nyekundu juu ya karatasi, akatafuta pa kuanzia, na mpaka ninaondoka katika nchi ile alikuwa bado anatafuta.